Namba ya Chaki Mlangoni kwa Ciakuthii

Mwalimu Kaberia aliandika namba kwa chaki kwenye mlango wa Bundi, akavuka ua, akaandika namba nyingine kwenye mlango wa Ciakuthii, mama yake Bundi. Ciakuthii alikuwa amekaa kizingitini akichambua maharagwe. Nusura ungo umponyoke.

"Wee mwalimu! Unanichorea nini hapo?"

"Ni sensa, mama. Wiki ijayo nitarudi kuhesabu watu. Hii hapa ni kaya yako."

"Yangu na nani?"

"Yako peke yako. Serikali inasema kaya ni watu wanaokula chungu kimoja. Nimeuliza pale nyumba kubwa, kwa Bundi, nikaambiwa hamli pamoja."

Ciakuthii hakuuliza ameambiwa na nani. Mkaza mwanawe, Wawira, alikuwa amesimama kwenye kibaraza cha nyumba ile kubwa, mikono kifuani, akisikiliza kila neno. Huyu ni binti wa Kanja, kule Embu, na Bundi alimleta hapa Mitunguu miaka kumi na miwili iliyopita.

"Nimesema kweli tu, Mama Bundi," Wawira alisema. "Ama tunakula pamoja?"

Hawakuwa wakila pamoja, ni kweli. Ulikuwa mwaka wa themanini na tisa, na vyungu vilikuwa vimetengana miaka miwili kamili. Zamani chungu kilikuwa kimoja, cha Ciakuthii, na kila mtu wa ukoo aliyepita njia alikula. Shemeji, binamu, mtoto wa binamu, hata yule ambaye hakuna aliyekumbuka vizuri ni wa nani. Hiyo ndiyo familia aliyoijua. Mlango wa kufungwa kwa kufuli, alisema, ni wa duka.

Kisha ikaja surua. Watoto wawili wa shemeji yake Mbaka waliletwa kutoka mji wa Maua wakiwaka homa, vipele mwili mzima. Wawira akasema wasiingie. Ciakuthii akasema katika boma hili damu haifukuzwi, akawalaza jikoni kwake, mkeka mmoja na wajukuu. Wale wawili wakapona. Aliyekufa ni binti wa Wawira, wa miaka minne, aliyepewa jina la bibi yake kama desturi inavyotaka. Alikuwa Ciakuthii mdogo. Kumzika mtoto mwenye jina lako, we jaribu tu uone.

Baada ya matanga Wawira alianza kupika kwake, akanunua kufuli la jikoni. "Mimi niliolewa na Bundi," alisema, "sikuolewa na ukoo mzima." Tangu siku hiyo mama mkwe akitaka kuingia kwa mwanawe alipiga hodi kama mchuuzi wa sufuria. Na Ciakuthii, badala ya kusema pole, pole moja tu ingetosha, alisema kwamba watoto hufa hata huko Kanja. Neno lilipokuwa bado ulimini alijua ni baya. Akalitoa hivyo hivyo. Mdomo wake haukuumbwa na breki.

Kufuli aliweza kulivumilia, maana kufuli hufunguliwa. Chaki ilikuwa jambo lingine. Wakishamwandika peke yake kwenye kitabu cha serikali, basi ndiyo imekwisha, hata Wawira akija kujuta namna gani. Lakini wakimwandika chini ya mwanawe, mama wa Bundi, nyumba ya Bundi, hakuna mwanamke wa Kanja atakayefuta. Ciakuthii alilitaka hilo kuliko alivyowahi kutaka kitu chochote tangu mumewe afe.

Akamfuata Bundi shambani, kwenye mabomba ya kumwagilia migomba. Hiyo ndiyo iliyokuwa kazi yake, fundi wa mabomba.

"Mwalimu akija, sema mimi ni wa nyumba yako. Nitaleta chakula changu, tukile pamoja mbele yake. Nimekuomba nini kingine tangu nikuzae?"

"Sawa, mama," Bundi alisema bila kuinua kichwa.

Bundi alikuwa mtu wa sawa. Mama akisema, sawa. Mke akisema, sawa. Mwanamume wa namna hiyo hagombani na mtu, na siku ukimhitaji humpati.

Siku ya kuhesabiwa Ciakuthii alipika githeri, mahindi na maharagwe, sufuria nzima, akafunga kitambaa safi kichwani, akavuka ua. Akapiga hodi. Alimkuta mwalimu mezani na makaratasi yake, Bundi upande huu, Wawira upande ule. Akaitua sufuria katikati ya meza.

"Karibuni chakula. Mwalimu, nawe ule."

"Wanangu wameshakula," Wawira alisema, akaisukuma sufuria mpaka ukingoni mwa meza.

"Sikuuliza wamekula lini. Nimesema karibuni."

"Na mimi nimekujibu."

Mwalimu akakohoa, akarudi kwenye karatasi, akamgeukia Wawira. "Tumalize. Mama, umezaa watoto wangapi waliozaliwa hai?"

"Wanne."

"Wangapi wako hai?"

"Watatu." Wawira alimkazia macho mama mkwe wake. "Andika vizuri, mwalimu. Mmoja aliuawa."

"Fomu haina aliyeuawa, mama. Ina aliyekufa."

Hapo ndipo pole ya Ciakuthii, ile ya miaka miwili, ingetoka, na ilikuwepo. Lakini atoe pole aitwe muuaji mbele ya mwalimu? Wapi! Akanyoosha mgongo na kungoja zamu yake.

"Na huyu mama?" mwalimu aliuliza. "Bwana Bundi, mkuu wa kaya ni wewe. Nimwandike hapa?"

"Mwambie," Wawira alimwambia mumewe taratibu. "Akiandikwa hapa, mimi na watoto tutaandikwa Kanja. Leo hii."

Bundi alitazama sufuria, akatazama mikono yake. Mwalimu akamsaidia, akidhani anamsaidia. "Ni nani wako hapa? Mke, mtoto, mzazi, mgeni?"

"Mgeni," Bundi alisema. "Amekuja tu na githeri."

Hata Wawira aligeuka kumwangalia.

"Mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe," Ciakuthii alisema. "Hili jembe nimelishika hapa kabla wewe hujajua kunyonya. Migomba unayoimwagilia nimeipanda mimi. Mgeni! Haya, mgeni ameondoka." Akabeba sufuria yake, akatoka.

Mwalimu alipomfuata alimkuta jikoni kwake, ungo mapajani. Mwalimu alikaa kwenye kigoda, akafungua karatasi mpya.

"Mkuu wa kaya?"

"Si unaniona?"

"Umezaa watoto wangapi waliozaliwa hai?"

"Mmoja. Wa kiume."

"Yuko hai?"

Mwalimu alishaanza kuandika, maana jibu alilijua. Ciakuthii akamshika mkono. "Mbona unaandika kabla sijakujibu?"

Wakati huo Bundi alikuwa ameingia, bila hodi, kama alivyoingia jikoni humo maisha yake yote. Alisimama hapo akihema. Kwao neno la mama juu ya mwanawe ni baraka au laana, halitupwi ovyo, kila mtu analijua hilo, na mwalimu alilijua pia.

"Mama, hii ni penseli," mwalimu alisema kwa upole. "Naweza kuifuta karatasi hii yote nikuandike kule, mama wa Bundi. Mwanao aseme tu ndiyo."

Alichokitaka Ciakuthii kilikuwa hapo, umbali wa neno moja. Akamwangalia mwanawe. Bundi akafungua mdomo, kisha akageuza shingo kutazama kule kibarazani, Wawira ana uso gani.

"Andika, mwalimu," Ciakuthii alisema. "Alizaliwa hai. Hayuko hai."

"Mama!"

"Nani amekukaribisha humu? Mgeni hupiga hodi."

Mwalimu aliandika, akafunga makaratasi, akaondoka bila kuaga. Bundi alirudi nyuma mpaka nje, akauvuta mlango wenye namba ya chaki.

"Hodi, mama."

Ciakuthii aliinamia ungo. Akaokota maharagwe, mazima na mabovu akayatupa pamoja.

"Hodi."

Neno "karibu" lilikuwa ulimini, zima, tayari. Maisha yake yote mdomo huo ulikuwa haujui kunyamaza.

"Hodi, mama," Bundi alisema mara ya tatu, na mgeni akishapiga hodi ya tatu bila kujibiwa huenda zake. Ciakuthii alisikia hatua zikivuka ua kurudi nyumba kubwa, akazihesabu mpaka mwisho.