Vema Juu ya Kioo

Mwalimu wa darasa la nne, ambaye shule nzima ilimwita Mama Vema, alikuwa amesahihisha madaftari kwa kalamu nyekundu kwa miaka ishirini na tisa, na hakuna kilichowahi kumshinda mpaka vilipoletwa vishikwambi.

Mwalimu mkuu alisema mara moja tu, tena mbele ya wenzake wote: "Mkaguzi anakuja Alhamisi. Atakayeshindwa kufundishia hivi vitu, atanitunzia stoo."

Akasema hivyo huku anamtazama Mama Vema. Stoo yenyewe ilijaa viti vilivyovunjika miguu na harufu ya panya. Watoto hawamo. Hilo ndilo lililomkaa rohoni.

Alhamisi aliingia darasani ameshamwomba Mungu amsitiri. Watoto wakawasha vishikwambi, wakafungua hesabu za kuzidisha, wakajibu. Mpaka hapo, salama. Kisha Mama Vema akafanya alivyozoea: akachomoa kalamu yake ya wino mzito, akapita dawati kwa dawati, na kila jibu la sawa akalitia alama ya vema, pale pale juu ya kioo.

Watoto wakatazamana. Nani amwambie?

Binti wa dawati la mbele, waliyemwita Kiherehere kwa sababu hakalii kiti kikapata joto, akafungua ukurasa wa pili. Hesabu zikaondoka, vema zikabaki. Akajibu hesabu mpya, na kila alichoandika kilikuwa kimeshapata.

"Usiumize kichwa, mwenzangu," akamnong'oneza jirani yake. "Tumeshafaulu."

Darasa zima likafungua ukurasa wa pili.

Ndipo mkaguzi akaingia, kishikwambi chake kwapani. Akainama kwa Kiherehere.

"Saba mara nane, hamsini na nne?"

"Ndiyo, baba."

"Na umepata?"

"Mwalimu ameshaweka vema. Nilitaka kufuta niandike hamsini na sita, nikaona nitakuwa namkosoa mtu mzima."

Mama Vema akaisikia harufu ya panya kabisa. Angeweza kumsingizia mtoto, au mashine. Akasogea mbele ya mkaguzi.

"Kosa ni langu, mheshimiwa. Nimesahihisha kioo, sikusahihisha hesabu."

Akalowesha ncha ya mtandio wake kwa mate, akaanza kufuta, dawati moja baada ya jingine, na kila alipofuta akamuuliza mwenye dawati swali kwa mdomo. Sita mara tisa. Nane mara nane. Hakuna aliyekosa, hata yule wa nyuma ambaye siku zote husinzia. Mkaguzi akamfuata nyuma mpaka dawati la mwisho, mtandio umeshakuwa mwekundu kama umechinjiwa kuku.

Kisha akaandika maneno mawili matatu, akamgeuzia kioo.

"Nimeandika ubaki na hawa watoto. Ila usaidiwe. Weka sahihi yako hapa, mama."

Mama Vema akamshukuru Mungu moyoni, na kwa furaha ile mkono ukaenda wenyewe, ukatoka na kalamu nyekundu.

"Kidole, Mwalimu," darasa likasema kwa pamoja, kwa upole, kama anavyosemeshwa mtoto mgeni.

Akairudisha kalamu, akaandika kwa kidole. Jina likatoka limepinda, herufi moja huku, nyingine kule. Kiherehere akanyoosha shingo, akalikagua mwanzo mpaka mwisho.

"Vema, Mwalimu," akasema.