Wasioonekana Upande Huu wa Mto

Alhamisi moja ya Oktoba, Verna Colliver alikuwa jikoni akikoroga mchuzi wa soseji aliposikia pikapu ya binti yake ikiingia uani. Alisikia mlango wa gari ukifungwa, buti zikipanda ngazi za baraza, kisha mlango wa jikoni ukafunguka na kujifunga. Kiti kikavutwa mezani, na juu yake hapakuwa na mtu.

"Mama, nina njaa," sauti ya Corrie ikasema kutoka kwenye kile kiti.

Verna alikitazama kiti. Kisha akazima jiko, akapakua mikate na mchuzi, akaiweka sahani mezani. Uma ukanyanyuka.

"Imeanza saa ngapi?" akauliza.

"Sasa hivi, nikirudi. Katikati ya daraja nimejiangalia kwenye kioo, nikaona kiti cha nyuma. Wenzangu wa kazini nao hivyo hivyo. Yule mzee wa kituo cha mafuta kaona gari linajipaki lenyewe."

"Kasemaje?"

"Kasema magari ya siku hizi bwana."

Harlan, mume wa Verna, aliyekuwa akisoma gazeti upande wa pili wa meza, alisogeza chupa ya pilipili karibu na sahani ya bintiye. "Kula kwanza," alisema. "Mengine baadaye."

Asubuhi ya siku hiyo ripoti ya jimbo ilikuwa imetoka, na Verna alikuwa ameisoma shuleni. Alikuwa akifundisha kuchomelea vyuma katika shule ya ufundi ya Pryor's Bend, mji mdogo wa kandokando ya Mto Ohio. Mwaka juzi jimbo lilipitisha sheria kwamba kila fani itapimwa kwa kuangalia wahitimu wake wako wapi. Idara ya takwimu ilikuwa ikichukua majina ya wahitimu na kuyalinganisha na mishahara ambayo waajiri wa jimbo huitaarifu serikali. Fani ambayo watoto wake wamepata kazi iongezewe nguvu. Ambayo watoto wake wako mitaani ifungwe. Verna aliipenda sheria ile. Alikwishaona vijana wengi wakifundishwa mambo ambayo hakuna aliyewahi kuwaajiri kwayo.

Tatizo ni kwamba karakana ya kuunda matishari, zile mashua bapa za mizigo, iko ng'ambo. Ukisimama uwanjani pa shule unaiona, unasikia hata nyundo zake, lakini ukivuka daraja umeingia jimbo jingine, na mishahara ya kule inataarifiwa kule. Karibu wanafunzi wote wa Verna walikuwa wamepata kazi katika karakana ile, Corrie akiwa mmoja wao. Idara iliwatafuta. Ripoti ikaandika kwamba wahitimu wa kuchomelea wa Pryor's Bend hawakuonekana.

Kuanzia siku hiyo hawakuonekana. Wakiwa kazini ng'ambo walionekana kama kawaida, wakila chakula cha mchana kwenye jua na kutaniana na wasimamizi. Jioni, gari likifika katikati ya daraja, wanafifia. Na nguo zao pia, ambalo lilikuwa jambo la heri.

Mji ulizoea upesi. Mhudumu wa kanisa alianza kupapasa viti kabla ya kumkalisha mtu. Muuza duka aliacha kushangaa maziwa yakitembea yenyewe hadi mbele yake, ila alitaka senti zake zianguke kaunta kabla hajafungua mfuko. Mtu pekee ambaye hakuzoea ni Verna. Alilala akiwa amekaza masikio. Akiwa na Corrie chumba kimoja, alizungumza mfululizo ili ajibiwe, na Corrie aliponyamaza kidogo Verna alisimama.

"Upo?"

"Nipo, mama. Natafuna."

Siku moja, kwenye maegesho ya duka la vyakula, mzee mmoja alirudisha lori lake nyuma bila kuangalia, na hata angeangalia isingesaidia. Verna alisikia sauti ya bintiye ikikata katikati ya neno. Akaligonga lori kwa viganja vyote viwili mpaka likasimama.

Mzee akateremsha kioo. "Kuna mtu?"

"Yupo," Verna alisema. "Binti yangu."

"Samahani sana, binti," mzee alisema, akitazama upande ambao Corrie hakuwapo, kisha akaenda zake.

"Hajanigusa," Corrie alisema. Lakini alikuwa akihema, na Verna hakuwa na namna ya kuhakikisha. Njia nzima alitaka kumwambia amshike mkono. Hakumwambia, kwa sababu Corrie alikuwa mtu mzima na asingependa.

Angeweza kuvuka daraja Jumamosi moja akamwone huko kazini. Corrie alimwambia asijisumbue. Verna naye hakusisitiza, aliogopa atakachokiona.

Mwezi Januari kamati ya bunge la jimbo ilikaa kujadili fani za kufungwa, na Verna akaomba nafasi ya kusema. Alikwenda na wahitimu wake. Walikodi basi dogo, na dereva aliendesha njia nzima akisikiliza watu wasioonekana wakibishana juu ya mpira. Ukumbini walikaa safu moja nyuma ya mwalimu wao. Viti vya safu ile vilishuka kimoja baada ya kingine.

Mwenyekiti wa kamati, Seneta Glenda Rusk, alikuwa mama mwenye adabu aliyewahi kuwa mwalimu. Alimsikiliza Verna mpaka mwisho.

"Bi Colliver, hatuna ugomvi na wewe," alisema. "Tunataka watoto wetu wafundishwe kazi zilizopo. Sasa hawa wako tumewatafuta hatukuwaona."

"Wamekaa hapa nyuma yangu, mheshimiwa."

Seneta alivaa miwani. "Safu hiyo naiona tupu."

"Naomba waseme wenyewe."

Kipaza sauti kikainuka kidogo. "Naitwa Corrie Colliver. Nachomelea matumbo ya matishari. Mshono wangu ukivuja watu wanazama, na haujavuja bado. Nalala upande huu, nanunua upande huu, kanisa langu liko upande huu."

Mwandishi wa kamati aliinua mkono akauliza aandike nani amesema. Wakashauriana. Ikaandikwa: sauti kutoka ukumbini. Seneta akaishukuru sauti, akasema ni ushuhuda wa kugusa moyo, akaita fani inayofuata.

Nje, kwenye korido, kijana wa idara ya takwimu aliyeitwa Preston Adair aliwafuata mbio akiwa na koti mkononi. Alinyoosha mkono kwenye hewa na Corrie akaushika. Adair aliushikilia, akiusikia ugumu wa kile kiganja.

"Hii ni sugu ya kazi," alisema.

"Si ya kupiga kinanda," Corrie akamjibu.

"Tumewaomba jirani zetu wa ng'ambo watupe takwimu zao za mishahara. Wanasheria wao na wa kwetu wanaandikiana. Nilipoajiriwa niliwakuta wanaandikiana."

"Lakini wewe umewasikia hapa," Verna alisema. "Umemshika mkono."

"Mimi ndiyo, Bi Colliver. Ila kwenye mfumo kuna walioonekana na wasioonekana. Hakuna mahali pa walioshikwa mkono." Alisema kwa huzuni ya kweli. Kisha akauachia mkono, akapangusa macho kwa koti na kurudi ndani.

Majira ya kuchipua, Tobin Marsh akaonekana tena. Tobin alikuwa na mkono mtulivu kuliko wanafunzi wote ambao Verna aliwahi kuwafundisha. Verna alimkuta kwenye duka la bidhaa rahisi, upande huu wa mto, akipanga sabuni kwenye rafu huku amevaa fulana ya duka. Alikuwa mzima kuanzia kichwani hadi viatuni.

"Nimeacha kule, Bi Verna," Tobin alisema kabla hajaulizwa. "Nilipopata mshahara wa kwanza hapa, kesho yake nikaamka nina miguu."

"Wanakulipa kama karakana?"

"Wapi. Hata nusu yake haifiki." Alizungusha boksi la sabuni ili maandishi yatazame mbele. "Mama hana macho mazuri, ananikanyaga. Juzi kanimwagia chai ya moto akidhani naketi kule. Akalia siku nzima. Ningefanyaje?"

"Umefanya sawa," Verna alisema, na alimaanisha.

Wiki hiyo picha ya Tobin akiwa na fulana ya duka iliwekwa kwenye tovuti ya jimbo, chini yake maneno: Tayari kwa kazi. Shule ilipofungwa kwa likizo ya kiangazi, mashine za kuchomelea zilipakiwa kwenye lori zikauzwe. Chumba kilipakwa rangi ya krimu kikawekwa rafu na kaunta, na fani mpya ya kuhudumia wateja ikatangazwa. Verna hakuitwa kuifundisha. Karakana ya ng'ambo ilimchukua palepale.

Asubuhi ya kwanza alipanda pikapu ya Corrie, akaketi pembeni ya usukani uliokuwa ukijizungusha. Walipofika katikati ya daraja, mikono ilitokea kwanza, kisha mabega, kisha binti yake mzima, akitazama barabara.

Alikuwa amekonda. Nywele zilikuwa zimekatwa vibaya, kama mtu aliyejikata mwenyewe bila kioo. Chini ya sikio, kovu la moto lilishuka hadi kwenye kola.

"Shingo imefanyaje?" Verna aliuliza.

"Cheche iliingia kwenye kola."

"Lini?"

"Krismasi hivi."

Verna aliikumbuka Krismasi. Sauti ya Corrie ndiyo iliyocheka kuliko zote mezani. "Ulikwenda kliniki?"

"Nilikwenda. Muuguzi akasema hawezi kufunga asichokiona. Akanipa dawa nijipake." Corrie akabadili gia. "Usianze, mama. Imepona."

Verna hakuanza. Alimtazama tu hadi langoni mwa karakana.

Idara ilikuwa ikiwatafuta pia walimu waliopunguzwa, ijue kama wamepata kazi nyingine. Ilimtafuta Verna mwezi Septemba. Jioni ya siku ripoti ya walimu ilipotoka, yeye na Corrie walikuwa wakirudi nyumbani, mvua nyembamba ikinyesha mtoni. Redioni gavana alikuwa akiipongeza wilaya yao. Baada ya kufungwa fani zisizo na tija, alisema, idadi ya wahitimu wanaoonekana makazini imepanda kuliko wilaya zote za jimbo, na mwakani utaratibu huo utapelekwa kila mahali.

"Tunaongoza," Corrie alisema.

Verna alikuwa amemgeukia bintiye, akimtazama nywele, kovu, na jinsi anavyong'ata mdomo akiendesha.

"Mama, acha kunikodolea macho. Unanitia kiwewe."

"Endesha."

Katikati ya daraja Corrie akafifia, akatoweka. Verna akainama kutazama mapaja yake mwenyewe, akaona kitambaa cha kiti kilichochanika na mkanda uliokaza juu ya kitu kisichokuwapo. Alipapasa kulia kwake akapata mlango. Akapapasa kushoto akapata bega.

"Upo?" Corrie akauliza.

"Nipo."

Mvua iliongezeka. Mbele yao, kutoka mjini, lori lilikuwa likija likiwa limepita kidogo mstari wa katikati.

"Washa taa," Verna alisema. "Angalau gari walione."