Trepie Moja ya Papa Léopold

Mwaka ule watu wa Karuba walikuwa wamekimbia vita hadi Mubambiro mara tatu na kurudi mara tatu, na kila waliporudi ng'ombe walikuwa wameibwa na kupungua vilimani. Ndipo Papa Léopold alipojifanya mkuu wa ulinzi. Hakuchaguliwa na mtu. Alikuwa na bunduki ya kuwindia aliyotoka nayo Walikale, pamoja na hadithi za nyati aliowaangusha huko, nyati ambao pembe zao zilirefuka kila mwaka. Uwamwezi, mjane aliyebaki na ng'ombe mmoja na mjukuu mmoja, alizisikia hadithi hizo mpaka akaweza kuzimalizia mwenyewe.

Wapima barabara walipokimbia vita waliacha nyuma darubini moja na trepie mbili, yaani ile miguu mitatu ya mbao ambayo chombo hufungwa juu yake kwa skurubu kisitikisike. Léopold akavichukua vyote. Mtu mwenye akili angefunga darubini kwenye trepie moja na bunduki kwenye ya pili. Jicho likiona, risasi iko tayari. Léopold? Trepie ya pili aliipeleka nyumbani, akaweka juu yake beseni la kunawia uso. Kweli kabisa. Kila asubuhi mkuu wa ulinzi alinawa amesimama wima kama askofu, na kule kwenye kilima cha ulinzi bunduki na darubini zikigombania miguu mitatu.

"Papa Léopold," Uwamwezi alimwuliza siku moja mbele za watu, "sasa ukiona mwizi, utamuambia angojee kwanza ubadirishe?"

"Mama, hii ni mambo ya wawindaji," alijibu, tumbo mbele. "Trepie moja inaenea, inatosha. Jicho inaanza, bunduki inafuata. Ku Walikale nilifanya vile miaka kumi."

Watu wakatikisa vichwa kwa heshima. Ndivyo tulivyo: mtu akisema upumbavu kwa sauti nene, tunamwita mtaalamu. Lakini Uwamwezi moyoni alimdharau kuanzia kisigino hadi kofia.

Tena hakuwa na nafasi ya mzaha. Binti yake Agathe alikuwa amefariki siku ya nne baada ya kujifungua, akamwachia Benita, ambaye sasa alikuwa na miezi mitatu. Mtoto huyo aliishi kwa maziwa ya Gaju, ng'ombe wa rangi ya kahawia, na hapakuwa na kingine: maziwa ya kopo yalikuwa Goma, na barabara ya Goma ilikuwa imefungwa. Kila usiku Uwamwezi aliwaombea wote wawili kwa sala moja.

Gaju alikuwa na tabia ya ng'ombe waliolelewa karibu na mlango. Ukimwita jina, anakuja, hata akiwa ng'ambo ya bonde, hata mdomo ukiwa umejaa majani.

Asubuhi moja, ukungu ukianza kupanda, watu wawili wenye silaha walionekana ng'ambo wakimvuta Gaju kwa kamba. Uwamwezi akapanda mbio, Benita mgongoni, hadi kwenye kilele alipokaa Léopold. Mkuu alikuwa amebandika jicho kwenye darubini.

"Naona!" alisema. "Wako wawili. Moja iko anatafuna muwa."

"Piga basi, hata hewani, wakimbie!"

"Polepole, Mama."

Akaanza kufungua skurubu. Darubini chini, bunduki juu, kaza, kaza tena. Alipolenga, hakuona ila vichaka. "Wamehama," akanung'unika, kana kwamba wezi walikuwa wamevunja ahadi. Basi fungua tena: bunduki chini, darubini juu. "Naona! Wako chini ya ile muti kubwa!" Fungua tena.

"Acha nimuite Gaju. Atakuja," Uwamwezi alisema.

"Nyamaza! Utashitua adui!"

Akanyamaza. Hilo lilimuuma baadaye kuliko yote, kwamba hata yeye, mwenye ulimi mkali, alimtii yule debe tupu kwa kitambo kizima. Kisha akaweka mikono mdomoni.

"Gaju weee! Gaju, ngwino!"

Gaju aliinua kichwa, akachomoa kamba mkononi mwa mwizi, akateremka. Wezi waliposikia sauti na kuona watu wanakusanyika kilimani, wakashika njia yao. Mambo yalikuwa yamekwisha! Ila Léopold alikuwa ameinamia skurubu yake, makalio yakitazama bonde, na hakuona lolote. Alipoinuka, bunduki ikiwa imekazwa vizuri, kitu cha rangi ya kahawia kilikuwa kinapita chini ya ule mti mkubwa. Akapiga mara moja tu. Miaka yote ya hadithi, na siku hiyo ndipo alipopata shabaha.

Mchana majirani walikuja kumchuna Gaju na kugawana nyama, maana nyama ya ng'ombe mzima haimngoji mjane. Léopold naye akaja na sahani, ameshanawa uso.

"Kidari ni ya mwenye alipiga," alisema. "Njo desturi ya wawindaji. Na tena, Mama, ni weye ulimuita pa njia ya risasi."

Uwamwezi aliweka kisu chini. Akamfungua Benita mgongoni, akamweka mikononi mwa Léopold, juu ya sahani yake.

"Mwenye kidari ya Gaju njo huyu," alisema. "Umuulize kama anakuachia."

Benita hakuwa amekula tangu alfajiri. Aligeuza uso, akapapasa shati la yule mwanamume, akapata kifungo, akaanza kukinyonya. Kisha akalia. Hakuna aliyecheka.

"Mumukamate," Léopold alisema, akiwanyooshea watu mtoto. Hakuna mkono ulionyooka. "Mumukamate basi!" Watu walimtazama tu, na safari hii vichwa havikutikisika.

Vestine, mke wake, aliondoka akaenda nyumbani. Alirudi anavuta ng'ombe wao, ndama nyuma, na kichwani amebeba beseni la kunawia uso, limesuguliwa kwa majivu. Akachuchumaa mbele ya Uwamwezi, akaanza kukamua ndani ya beseni hilo.

"Trepie ya beseni nimekuachia pa mulango," alimwambia mumewe bila kugeuka. "Sasa uko nazo mbili."