Mshale Kwenye Filta

Jina la Bi Pindo hakupewa na wazazi wake. Wateja ndio waliompa, kwa sababu hakuna gauni lililotoka mikononi mwake kabla hajaligeuza ndani nje na kulikagua pindo, hata kama bibi harusi amesimama mlangoni analia kwamba kachelewa. Alishonea kwenye chumba cha mbele cha nyumba yake, na nguo zikiisha alizipeleka mwenyewe kwa gari dogo la rangi ya maziwa, ambalo yeye na mumewe walilinunua nusu kwa nusu miaka saba iliyopita.

Ijumaa hiyo alasiri alikuwa anatoa vitu vyake garini, maana kesho yake saa nne asubuhi mnunuzi angekuja kulichukua.

Kisa chote kilikuwa hewa. Ukiwasha feni, gari lilitoa vumbi na harufu ya soksi zilizosahaulika mvua nzima. Ukiizima na kufungua vioo, vumbi la barabara liliingia bila hodi. Gauni jeupe la mteja mmoja lilifika na madoa ya kijivu kifuani, na Bi Pindo akalishona upya kwa kitambaa chake mwenyewe. Fundi wa gereji alipoitwa, alitia pua ndani, akatikisa kichwa kama daktari mwenye habari mbaya, akasema dashibodi nzima lazima ing'olewe, kazi ya siku tatu, na bei aliyoitaja ilimfanya Bi Pindo akae chini. Kisha, kwa huruma zake, fundi huyohuyo akajitolea kulinunua gari kama lilivyo.

Mume wa Bi Pindo, karani mstaafu, alikuwa mtu mwema mwenye ugonjwa mmoja tu: yeyote aliyevaa ovaroli yenye mafuta alimwamini kuliko mkewe. Akakubali.

"Nitapelekaje nguo?" Bi Pindo alimuuliza.

"Kama zamani, mke wangu. Kwa miguu."

Zamani! Zamani alikuwa na magoti mapya. Zamani alibeba gauni begani, likarushiwa matope na gari la mtu asiyejali, na mteja hakurudi tena. Bila gari, wateja wa mbali wangekwenda kwa wengine, na hilo alilijua vizuri kuliko mtu yeyote. Aliogopa, na kwa kuwa aliogopa, alikasirika.

Basi alikuwa anaitoa futi yake ya kupimia, chaki na kopo la pini kutoka kwenye droo ya mbele ya abiria, akakuta chini kabisa kitabu cha gari, bado kimo ndani ya nailoni yake. Miaka saba! Mtu wa kusoma karatasi za mitindo hapiti maandishi hivihivi. Alikifungua palepale, na kwenye ukurasa mmoja akaona mchoro wa droo ileile aliyoegemea, na nyuma yake kitu bapa kilichokunjwakunjwa kama sketi ya shule. Filta ya hewa, ibadilishwe kila mwaka.

Kila mwaka. Alihesabu kwa vidole, akasonya.

Kabla maduka ya vipuri hayajafungwa alikuwa amekwenda na kurudi na filta mpya kwapani. Bei yake ilikuwa sawa na ya zipu sita na pakiti ya vifungo.

Asubuhi, gauni la harusi la siku hiyo likiwa limeshatundikwa sebuleni, Bi Pindo alipiga magoti mbele ya kiti cha abiria. Mtaka cha mvunguni sharti ainame. Alibana mbavu za droo kama kitabu kilivyoonyesha, ikaanguka mapajani mwake. Nyuma yake palikuwa na kifuniko chembamba. Akakichomoa, akavuta.

Kilichotoka kilikuwa zulia. Vumbi, majani makavu, na juu yake nyuzi: nyekundu ya sare za kwaya, buluu ya nguo za wauguzi, dhahabu ya gauni la bintiye mwenyewe. Mabaki ya kila alichowahi kukisafirisha. Kikulacho ki nguoni mwako, alijisemea, akacheka mpaka akakohoa, akaitupa nje filta hiyo kuukuu bila kutazama ilikuwa imekaaje.

Filta mpya ilikuwa na mshale ubavuni. Maana ya mshale hakuhitaji kufundishwa na mtu. Kwenye karatasi ya mtindo mshale huonyesha uzi wa kitambaa unakoelekea, na yeye miaka thelathini ameulaza kichwa kikitazama shingoni mwa nguo. Akaielekeza juu. Iligoma kidogo, akaisukuma, ikaingia. Akawasha feni.

Gari likapiga mluzi, na hewa ikatoka kiduchu, kama mzee anayepuliza chai.

Wakati huohuo geti lililia, na fundi wa gereji akaingia na mume wa Bi Pindo, wameongozana.

"Mama, gari si cherehani," fundi alisema kwa upole wa kuudhi. "Sasa utakuwa umeharibu zaidi."

"Tumwachie mwenye kazi yake, mke wangu," mumewe akasema. "Umejitahidi."

Bi Pindo aliinama tena garini. Machozi yalikuwa karibu, akayakatalia. Aliichomoa tena ile filta, feni ikiwa bado inaunguruma, akakaa akilitazama lile tundu tupu. Mahali fulani begani mwake palikuwa na uzi, kama siku zote. Akauchuna na kuushikilia mbele ya tundu.

Uzi ukapiga mbizi chini.

Ala. Kumbe hapa mshale haufuati shingo ya mtu. Unafuata hewa, na hewa ilikuwa inashuka. Akazima feni, akaigeuza filta kichwa chini miguu juu. Safari hii haikugoma hata kidogo. Kifuniko kikabana, droo ikarudi, akawasha.

Hewa ikamwagika. Ilikuwa nyingi, baridi, haina harufu ya kitu chochote, na futi ya kupimia iliyoning'inia shingoni mwake ikapepea.

Mumewe aliinama, akaweka uso kwenye tundu la hewa, akavuta pumzi, akavuta nyingine. Kisha akaliokota lile zulia la nyuzi kutoka chini na kulitazama kwa muda. Akamgeukia fundi.

"Gari haliuzwi."

"Mzee, si tulikubaliana?"

"Tulikubaliana limeharibika."

Fundi alijikuna shingo. "Hii, mama, inategemea na aina ya gari. Mengine dashibodi lazima..."

"Siku tatu ulisema," Bi Pindo alimkatiza, akijifuta magoti. "Mimi nimetumia dakika ishirini, na kumi kati ya hizo ni za kukosea."

Akaenda sebuleni, akaligeuza pindo la gauni kwa mara ya mwisho, akalitundika kwenye kiti cha nyuma, jeupe pee. Mumewe aliingia upande wa abiria bila kuambiwa, kitabu cha gari mapajani. Bi Pindo akafunga vioo vyote vinne, akatia gia, kisha akateremsha cha kwake kidogo tu.

"Fundi," alisema, "kwa kuwa umesimama hapo, tufungulie geti."