Gari Lililolia Kwenye Matanga

Mvua ya mawe ilipiga usiku kucha juu ya Ihandiro, na kulipopambazuka migomba yote ilikuwa imechanikachanika kama nguo kuukuu. Mawe yalikuwa yamerundikana chini ya gari la Mackline hadi kwenye bamba la chuma linalokinga betri, meupe, yakiyeyuka taratibu. Mackline alipiga magoti akayapangua kwa mikono mitupu mpaka vidole vikafa ganzi. Hakutaka bado kukitazama kile kipimo kidogo cha joto kilicho kando ya usukani. Alijua kitasema nini.

"Shemeji, twende!" Kambale aliita.

Kambale na wanaume wawili walikuwa wamemleta mama yake, Kabugho, juu ya godoro, wakamlaza nyuma ya gari. Kabugho alikuwa mama mkwe wake Mackline, na tangu usiku alikuwa amejikunja, ameshika kinena, akitapika maji ya kijani. Ketura, muuguzi wa zahanati ndogo ya pale mlimani, aliugusa uvimbe wa kinenani mara moja akaondoa mkono.

"Ngiri imebana utumbo," alisema. "Hapa sina kisu wala dawa ya kulaza mtu. Apasuliwe kule chini, hospitali ya Bwera, na iwe asubuhi hii. Utumbo ukifia ndani, na yeye anakufa."

Gari la wagonjwa lilikuwa limepeleka mwingine Kasese. Kumbeba kwa machela hadi Bwera kungemaliza siku. Gari lililokuwepo ni hili moja la Mackline, nalo lilikuwepo kwa sababu ya msiba: mzee Zedekia alikuwa amefariki, na maiti yake ilikuwa ingali ndani ya nyumba iliyopakana na uwanja ule, ikingoja kuzikwa.

Na hapo ndipo palipokuwa na taabu. Kwenye mgongo ule wa mlima, maiti ikiwa ndani, mashine hailii. Kinu cha kusaga hufungwa, redio huzimwa, na wenye pikipiki huzisukuma hadi kona ya kwanza. Wengi hupanda hapo na kuziacha ziteremke zenyewe, injini imezimwa, mpaka mbali kabisa. Marehemu amepewa heshima yake, na petroli nayo imepona.

Jonan, mumewe Mackline, alifanya hivyo hivyo mwaka uliopita.

Gari lilikuwa lake. Yeye na Sosthène, fundi wa Butembo aliyehamia Bwera, waling'oa injini ya zamani, wakafunga mota ya umeme na betri, wakawa wanashusha kahawa kutoka mlimani. Gari la namna hiyo likiteremka, mota ndiyo hulishika. Huugeuza mteremko kuwa umeme na kuurudisha kwenye betri. Lakini betri iliyopoa sana haipokei kitu. Isipopokea, mota hailishiki gari, na breki zinabaki peke yake na mlima.

Sosthène alikuwa amelitafutia dawa hilo. "Unawasha, unangojea," aliwaambia siku ile ya kwanza, akipangusa mikono kwa tambara. "Moteur haizunguke, iko pale pale, lakini umeme iko inapita ndani yake na mu ile sanduku yake, vyote vinapata moto. Maji inabeba ule moto, inapeleka ku betri. Italia kidogo. Usiogope, mama, haina mubaya." Kisha akachora mstari mwekundu kwenye kipimo kwa rangi ya kucha ya mke wake. "Mushale ikigusa hapa, unashuka."

Jonan aliyajua yote hayo kuliko mtu yeyote. Lakini asubuhi ile ya mwaka uliopita ilikuwa ya baridi, palikuwa na maiti ya mtu mwingine ndani, na watu wakamwambia azime kelele zake. Akazima. Wakamsukuma mpaka ukingoni, Kambale akiwa mmoja wa waliosukuma. Harufu ya breki zilizoungua ilifika kijijini kabla ya habari ya kifo chake. Gari Sosthène alilitengeneza tena.

Sasa Mackline akaingia kwenye gari, akafungua swichi. Gari halikusogea hata inchi. Ila chini ya sakafu ukaanza mlio mwembamba, ukapanda, ukafika mahali ukakaa hapo hapo, bila kukata, kama mtu aliyeanza wimbo akasahau maneno.

Vichwa vyote vya waombolezaji vikageuka.

"Nani huyo? Adabu iko wapi?"

"Zima hiyo kitu, mama! Mzee iko ndani!"

"Labda anataka kumuamsha," kijana mmoja alisema kwa sauti ya chini, na wenzake wakauma midomo wasicheke.

Kambale alikuja dirishani. Macho yalikuwa mekundu. "Gari imewaka, si uende? Inakula umeme bure!"

"Betri ni baridi. Bado haijakubali."

"Ikubali nini? Huu ni mteremko! Hata ndoo tupu inashuka hapa."

"Ilishuka na ndugu yako," Mackline alisema.

Kambale akautoa mkono wake dirishani kana kwamba bati lilikuwa la moto. Alirudi nyuma akaketi karibu na kichwa cha mama yake.

Mackline akakitazama kipimo. Mshale ulikuwa chini kabisa, umelala. Akahesabu pumzi zake, akatazama tena. Ulikuwa umesogea, au macho ndiyo yalitaka usogee. Nyuma yake Kabugho aliguna, akaguna, kisha akanyamaza, na ule ukimya ulimtisha Mackline kuliko kuguna.

"Ketura?"

"Yupo. Lakini moyo unakwenda mbio sana. Tusikae hapa, dada."

Je, kama ni woga tu? Wazo hilo lilimpitia kama mwiba. Je, kama mlima leo haukuwa na kinyongo, na yeye amekaa hapa anamwua mama wa watu kwa sababu ya mstari wa rangi ya kucha? Mguu wake ulikuwa tayari juu ya kanyagio. Haukulikandamiza.

Ndipo mkono ukaingia dirishani. Ulikuwa wa mpwa wa mzee Zedekia, mwanamume mnene mwenye koti jeusi. Alizungusha swichi bila kuomba ruhusa, na mlio ukafa.

"Tukishazika utaendelea na kiwanda chako," alisema.

"Kuna mgonjwa humu!"

"Basi mushukishe kimya, kama watu wengine. Vijana! Kujeni tusukume."

Vijana wakaja kweli. Mackline alihisi gari likiyumba, viganja vikijipanga kwenye bati la nyuma, na kwa muda mfupi hakuwa Mackline, alikuwa Jonan, amekaa kwenye kiti hiki hiki akiwaonea watu haya. Akavuta breki ya mkono kwa nguvu zake zote, akaishikilia kwa mikono miwili.

"Mutu asiguse hiyo gari."

Sauti haikuwa kubwa. Eseri, mjane wa Zedekia, alikuwa amesimama mlangoni kwake, kanga imefungwa kiunoni, miguu mitupu juu ya mawe ya barafu. Mjane hatoki nje kabla ya maziko bila sababu. Vijana wakatoa mikono.

Eseri akaja mpaka nyuma ya gari. Akamtazama Kabugho, ambaye alikuwa akipalilia naye kahawa tangu wakiwa mabibi arusi. Akampangusa jasho kwa ncha ya kanga yake. Kisha akaja dirishani.

"Hiki kitu kinalilia nini, mwanangu?"

"Kinapasha betri joto, mama. Isipopata joto, gari halishiki mlima."

"Ile siku ya Jonan hakikulia."

"Hakikulia, mama."

Eseri akatazama barabara inapoishia machoni na bonde kuanza.

"Washa," alisema.

"Mama," yule mpwa alianza, "mzee bado iko ndani, watu watasema..."

"Mzee ni wangu. Mimi ndiye nitamjibia. Huyu hapa aliye hai bado ni wenu." Akamgeukia Mackline. "Washa. Sisi tutakifunika."

Mlio ukapanda tena, ukafika mahali pake. Eseri akaketi chini kando ya gurudumu, kwenye matope na barafu, akasikiliza kidogo kama anayetafuta njia ya kuingilia. Halafu akafungua kinywa na kulia, na kilio chake kikaanzia pale pale mlio ulipokuwa. Mwanamke mwingine akapokea, na mwingine. Waliotoka ndani ya nyumba walikuta wenzao wameketi kulizunguka gari, nao wakaketi. Hata vijana waliacha kutazamana. Baada ya muda mtu hangeweza kusema ni kipi kinatoka chini ya gari na ni kipi kinatoka vifuani mwa watu.

Mackline hakulia. Hakuwa na nafasi. Alikuwa anatazama mshale, ambao sasa ulipanda kwa hakika, kama kobe, bila kujali nani anamngoja. Ketura alikuwa anataja jina la Kabugho mara kwa mara, na kila mara jibu lilichelewa zaidi.

Mshale ukagusa mstari mwekundu.

Aliachia breki. Wanawake walisogea, kilio hakikukatika. Kwenye kona ya kwanza Mackline aliinua mguu kutoka kwenye kanyagio, akasikia gari likishikwa kwa nyuma, kama mama anavyomshika mtoto nguo karibu na mto. Halikukimbia. Kona ya pili, lilishikwa. Upande mmoja ulikuwa ukuta wa udongo, upande wa pili hapakuwa na kitu ila ukungu. Kona ya tatu palikuwa na msalaba wa mbao ambao yeye mwenyewe aliupaka rangi. Hakuutazama. Aliinua mguu, akangoja, na mota ikashika.

"Yesu, Yesu, Yesu," Kambale alikuwa akisema huko nyuma, amelalia godoro la mama yake lisiteleze.

Hospitalini Bwera walimpokea Kabugho mlangoni na kumwingiza moja kwa moja. Jua lilikuwa limeshapanda Ketura alipotoka kuwaambia. Utumbo ulikuwa umegeuka rangi, lakini daktari alipoufungulia ulirudisha wekundu wake. Hawakukata kitu. Mama angepona.

Kambale aliketi chini palepale, akajifunika uso kwa kofia.

Mackline alitoka nje, akaenda kwenye gari. Alichuchumaa akaweka kiganja kwenye gurudumu la mbele, pale breki zilipo. Lilikuwa la baridi, baridi kama jiwe la mtoni, bila harufu ya kuungua. Akapapasa la pili, nalo baridi. Akapeleka mkono chini, kwenye bamba la betri, na bamba lilikuwa na joto.

Alikaa hivyo, mkono mmoja kwenye baridi na mmoja kwenye joto. Alitaka kumwambia mtu. Akageuza kichwa upande wa kiti cha dereva, kwa mazoea, na hapakuwa na mtu wa kuambiwa.