Turbo ya Gari la Majani

Saa kumi na mbili na nusu asubuhi Aikaeli alikuwa juu ya rundo la mabua, akiyakanyaga ili yashikane, huku mwenye shamba akimrushia mizigo kutoka chini. Mabua ya mahindi yalikuwa makavu na yalikwaruza mikono, lakini leo walikuwa wamepata na majani mabichi kando ya mfereji. Hayo aliyapanga juu kabisa, akayafunika kwa turubai jua lisiyawahi. Alipitisha kamba mara tatu, akakaza, akaruka chini.

Kule juu Machame ng'ombe hawachungwi. Wanakaa zizini nyuma ya nyumba, katikati ya migomba, wanasubiri kuletewa. Kiangazi kikikolea majani ya kihambani, shamba la nyumbani, hayatoshi hata mbuzi wawili, hivyo lazima mtu ashuke tambarare akayatafute. Mama yake Aikaeli aliyapandisha kwa kichwa maisha yake yote, mpaka shingo ikakataa kugeuka. Ndiyo maana wanawake kumi na tisa wa kitongoji chao walijinyima miaka minne wakanunua Suzuki Carry, kale kagari ambako nchi nzima inakaita kirikuu. Aikaeli, mjane wa miaka arobaini na minane, ndiye pekee kati yao aliyekuwa na leseni, kwa hiyo usukani ukawa wake.

Kirikuu ilipanda vizuri ikiwa tupu. Ikiwa na mzigo, kilima cha Kwa Ndosi kiliishinda. Ilifika katikati, ikakohoa, ikaanza kurudi nyuma, na Aikaeli akavuta breki ya mkono, akashuka kuweka jiwe kwenye tairi. Mara mbili nusura aingie korongoni. Hapo ndipo alipompelekea gari Rogath, fundi wa Majengo, Mchagga mmoja mkaidi wa Kibosho asiyependa kuharakishwa. Rogath aliinua siti, maana injini ya kirikuu iko chini ya makalio ya dereva, akaitazama kwa muda mrefu.

"Injini ni nzima. Inakosa pumzi tu," alisema. "Nitaifungia turbo."

Turbo si uchawi. Ni feni mbili kwenye mhimili mmoja: moshi unaotoka kwenye injini unazungusha ya kwanza, ya pili inasukuma hewa ndani, na injini ndogo inapata nguvu ya kubwa. Rogath aliitoa kwenye Suzuki Jimny iliyopinduka, akachonga mabomba mwenyewe, akaweka gasketi nene ili injini isipasuke. Lakini kabla ya yote hayo alibadilisha breki zote nne. Alikataa kushika spana nyingine mpaka breki ziishe. Alisema ukimwongezea mtu nguvu za kupanda, kumbuka atashuka.

Ilikuwa miezi minane sasa. Kirikuu ilikuwa ikipanda Kwa Ndosi na mzigo wake wote, ikipiga filimbi nyembamba chini ya siti, na wanawake walioisikia wakiwa jikoni walijua majani yanakuja.

Filimbi hiyohiyo ndiyo iliyomponza.

Njia panda, saa moja na nusu, wakaguzi wa magari walikuwa wamepanga koni zao barabarani. Mkubwa wao alisikia filimbi, akainua mkono. Aikaeli alipomwona alipumua kwa nafuu, kwa sababu alikuwa Godlove, mtoto wa Bibi Elizabeth wa nyumba ya tatu kutoka kwake. Alikuwa amemfundisha shule ya Jumapili huyu, akamfuta na makamasi.

"Umeamkaje, mdogo wangu?"

"Zima gari, mama. Inua siti."

Mama! Godlove aliinama, akaangaza tochi mchana kweupe, akaisoma kadi ya gari kama anayesoma hukumu.

"Hapa pameandikwa injini ya kawaida. Hii ni nini?"

"Turbo. Ya kupandia Kwa Ndosi."

"Nani amekuruhusu kubadilisha injini?"

"Nimebadilisha na breki. Angalia na breki basi, ni mpya zote."

"Sijakuuliza breki."

Na kweli hakuziangalia. Miaka miwili kirikuu ilikuwa imepita hapo na breki zinazolia kama mbuzi, na kila mara ilipungiwa mkono ipite. Leo ilipokuwa salama kuliko siku zote ndiyo ikawa hatari kwa umma. Kijana mmoja aliyekuwa chini ya Godlove kazini alipanda pembeni ya Aikaeli, wakateremka hadi mjini, mpaka uani kwa ofisi ya ukaguzi, na kirikuu ikaegeshwa juani na mzigo wake.

Alikaa kwenye benchi. Saa nne simu ililia. Alikuwa mwenyekiti wa kikundi.

"Mae, mwenzangu, uko wapi? Ng'ombe wanalia huku mpaka aibu."

"Nimekamatwa. Godlove wa Bibi Elizabeth."

"Si umwambie?"

Alienda kumwambia. Ofisini mlikuwa na feni, na Godlove alikuwa anakunywa chai kwa sambusa.

"Mkaguzi, nikuombe. Nipandishe mzigo huu tu, kesho nirudi na gari tupu. Ng'ombe wetu hawajala tangu jana jioni. Hata yule wa mama yako, amezaa Jumapili, anakula majani ya gari hili hili. Mama yako ni mwanakikundi wetu."

Godlove aliweka kikombe chini polepole.

"Unajua unachofanya sasa hivi? Unanihonga kwa jina la mama yangu. Hiyo ni rushwa."

"Rushwa? Ya majani?"

"Kazini hakuna mama, hakuna jirani. Una njia mbili. Ya kwanza, uombe kibali cha mabadiliko ya injini. Maombi yanaenda makao makuu, wanaleta mhandisi, anapima, anaandika ripoti. Miezi minne, mitano. Gari linabaki hapa. Ya pili, unaing'oa hiyo turbo leo mbele yangu, na unaandika barua ya kukiri kosa na kuomba msamaha."

Aikaeli alitaka kusema kitu, lakini nje kulikuwa na mngurumo uliotikisa vioo. Subaru ya bluu iliingia uani, bomba lake la moshi limekatwa, na ndani kijana mwenye miwani, mtoto wa mkandarasi mmoja mkubwa. Hakushuka. Kijana wa Godlove alimletea stika ya ukaguzi pale pale dirishani, akaibandika mwenyewe kwa kiganja, akacheka naye. Dakika tano. Subaru ikaondoka kwa kishindo, na bata wa mlinzi wakatawanyika.

"Ile nayo ina turbo," alisema Aikaeli. "Nimeisikia."

"Ile imekuja nayo kutoka kiwandani Japani."

Basi hapo ndipo kosa lilipokuwa. Mjapani ana ruhusa ya kufikiri. Rogath wa Majengo, mwenye macho yale yale mawili na mikono yenye akili kuliko ofisi nzima, hana. Nguvu ni halali ikiwa ya kijana kukimbizana na wenzake usiku. Ikiwa ya mjane kupandisha majani, ni uhalifu wenye fomu yake. Aikaeli akatoka kwa hasira kabla hajalia mbele ya sambusa.

Akampigia Rogath. Fundi alifika na bodaboda saa saba, mkoba wa spana mgongoni, na mkononi ameshika jani refu la kijani lililofungwa fundo.

"Hii nini tena?" aliuliza Aikaeli.

"Sale. Nimechuma uzio wa pale jirani. Mpelekee."

Uchaggani aliyekosa akija na jani la sale mkononi, hata kama kosa ni la damu, aliyekosewa hawezi kumfukuza. Lazima asikilize, na mara nyingi lazima asamehe. Rogath alikuwa ameona watu wakipatanishwa kwa sale baada ya kutozungumza miaka kumi. Alikuwa na imani nalo kuliko barua yoyote.

"Ni Mchagga mwenzetu yule," alisema. "Akiliona hilo, atakuwa na roho gani ya kukataa?"

Aikaeli alilishika, akaligeuza. Akalirudisha.

"Rogath, sale hubebwa na aliyekosa. Mimi nimemkosea nini?"

"Mama, si kwa kukosa. Ni kwa kupita tu."

"Hapana. Barua nitaandika, karatasi inavumilia kila kitu. Sale sidanganyi nalo."

Fundi aliliweka jani juu ya dashibodi, akainua siti, akaanza kufungua alichokifunga mwenyewe kwa siku kumi na moja. Kila bolti aliifuta kwa kitambaa kabla ya kuiweka kwenye gunia. Godlove alikuja mara moja, mikono mfukoni, akatazama, akaondoka. Aikaeli aliandika barua kwenye goti: *Mimi niliyetajwa hapo juu nakiri kwamba nimebadilisha injini bila kibali.* Kwenye mzigo, majani mabichi yalikuwa yameanza kunuka chini ya turubai.

Walimwachia saa kumi kasorobo.

Chini ya Kwa Ndosi alisimama, akaweka gia namba moja, akajaribu. Kirikuu ilipanda hatua arobaini, ikakohoa, ikaanza kurudi. Akashuka akaweka jiwe. Kisha akampigia mwenyekiti, akasema maneno machache tu, "Njooni na kamba. Njooni na ngata."

Walikuja wote, isipokuwa mmoja aliyelazwa. Hakuna aliyeuliza sana. Walipanda juu ya gari, wakagawa mzigo, wakafunga, wakasaidiana kujitwika. Bibi Elizabeth naye alikuja, miaka sabini na mitatu, na alipoambiwa abaki chini akasema ng'ombe aliyezaa ni wake, si wa mwenyekiti. Wakampa fungu dogo. Akalikataa, akataka kubwa.

Wakaanza kupanda. Barabara pale ni nyembamba, mfereji upande huu na korongo upande ule, na wanawake kumi na saba wenye mabua kichwani wanaijaza yote. Nyuma yao Aikaeli alipandisha kirikuu tupu, polepole, kwa mwendo wao.

Honi ilipigwa nyuma yake. Alitazama kwenye kioo: Land Cruiser nyeupe ya ofisi, inayompandisha Godlove nyumbani kila Ijumaa. Ikapiga tena, ndefu. Aikaeli hakusogea, hapakuwa na pa kusogea, na hata pangekuwepo asingesogea. Mbele, hakuna mwanamke aliyegeuka. Ukiwa na mzigo kichwani hugeuki ovyo.

Godlove aliteremka, akapita kirikuu kwa hatua za hasira.

"Nani amewaruhusu kufunga barabara? Nyie akina mama, pisheni!"

Mmoja tu ndiye aliyegeuka, taratibu, mwili mzima pamoja na mzigo.

"Shikamoo, mama," alisema Godlove. Sauti ilikuwa imeshuka.

"Marahaba."

"Mama, shusha huo mzigo. Unafanya nini? Utaanguka."

"Nikishusha, ng'ombe atakula nini? Barua?"

"Basi tuuweke kwenye gari langu."

"Gari lako?" Bibi Elizabeth aliitazama Land Cruiser. "Gari la serikali linaruhusiwa kubeba majani?"

Godlove alitazama upande wa korongo.

"Nimekuuliza. Kadi yake inasema hivyo? Inasema linabeba majani, au inasema linakubeba wewe kila Ijumaa?"

"Mama, mimi sikutunga sheria."

"Najua. Angeitunga aliyewahi kubeba, isingekuwa hivi."

Wanawake walikuwa wamesimama. Bibi aliomba atuliwe mzigo, wakamtua. Akaja kwenye dirisha la kirikuu kupumzika, ameshika mlango, na macho yake yakaangukia dashibodi.

"Hilo sale la nani?"

"Fundi aliniletea," alisema Aikaeli. "Nimpelekee mwanao. Nimwombe msamaha."

"Ulimkosea nini?"

"Sijui, Bibi."

Bibi Elizabeth aliingiza mkono, akalichukua jani. Lilikuwa limenyauka kidogo, lakini fundo lilikuwa palepale. Akaufungua mkono wa mwanawe kidole kwa kidole, akamwekea.

"Shika. Hili si lako la kupokea. Ni lako la kupeleka. Wenyewe ni hawa, wote wanaishi unapopajua."

"Mama, watu wanatazama."

"Ndiyo. Acha watazame."

Akarudi kwenye fungu lake, akaweka ngata, wakamtwika. Safari ikaendelea. Godlove alisimama katikati ya barabara na jani mkononi, mpaka dereva wake akashuka kumfungulia mlango. Kutoka hapo hadi kanisani kule juu ni kilomita mbili za kupanda. Aikaeli alikuwa na gunia la Rogath chini ya miguu, bomba lisilo na kazi likigongana na bolti zake, na chini ya siti pako kimya. Ila nyuma yake, kila Land Cruiser ilipokanyagwa kidogo isizime, alisikia filimbi nyembamba anayoijua vizuri. Ile imekuja nayo kutoka kiwandani.

Iliwafuata kwa mwendo wa Bibi Elizabeth mpaka juu, na honi haikupigwa tena.