Jiko Lisilozimika

Mataifa makubwa yalikaa mkutanoni, yakabishana mpaka makoo yakakauka, na mwisho yakakubaliana kwamba mwenye kiwanda cha moshi huku anaweza kumlipa mtu wa kule apunguze moshi wake. Ndivyo majiko mapya ya bati, yenye kimlango mbele na yanayokula kuni kiduchu, yalivyowafikia akina mama wa kikundi kimoja kijijini bila wao kutoa hata senti. Kila jiko lilibandikwa kidude cha kupima joto, kidogo kama kifungo cha shati, cha kupeleka umbea ng'ambo: hapa wanapika, hapa hawapiki. Majiko yakitumika, kikundi kitachimbiwa kisima. Yasipotumika, wataendelea kupanda kilima na ndoo kichwani.

Mwenyekiti wa kikundi alikuwa fundi cherehani, mwanamke wa maneno matamu na shingo ngumu. Alisimama mbele ya wenzake akaapa kuwa nyumbani kwake mafiga yameng'olewa na kutupwa. Mama mkwe wake ndiye aliyemwambia hivyo, na mama mkwe hakuwa mtu wa kuulizwa mara mbili. Mume alikuwa dereva wa malori, huonekana nyumbani kama mgeni. Fundi naye alitoka alfajiri kwenda kibandani kushona, na akirudi jioni alikuta chakula kimeiva. Nani aanze kunusanusa moshi wakati tumbo linanguruma?

Siku moja asubuhi mkaguzi wa majiko akamtokea kibandani, kijana mwenye kamera shingoni na tabasamu la nusu.

"Hongera, Mwenyekiti! Jiko lako limewaacha watu midomo wazi huko ng'ambo. Wiki mbili sasa halijazimika, mchana na usiku."

"Halijazimika?"

"Hata dakika. Moto wa taratibu, haupandi haushuki. Wako wanaosema ni maajabu, wanataka picha yake waionyeshe kwenye mkutano wa mataifa. Na wako wanaosema ni wizi. Nikikuta wizi, dada yangu, nafuta kikundi kizima, na kisima ndiyo basi tena."

Fundi alifunga kibanda, wakaondoka. Njia nzima alitafuta namna ya kumtuma mtu atangulie nyumbani, lakini mkaguzi alikuwa ubavuni pake, anasifu hali ya hewa.

Jikoni palikuwa safi kupita kiasi. Jiko limekaa kwenye kona, linang'aa. Mkaguzi akapiga magoti, akapeleka mkono kwenye kimlango, na papo hapo akauchomoa kwa kelele. Mle ndani, juu ya majani makavu, kuku mweupe alikuwa ametamia, amemkazia macho.

"Moto wa taratibu," alisema mkaguzi akifyonza kidole. "Sasa naona."

Mlango wa nyuma ulikuwa wazi, na moshi ukaingia kusalimia. Huko uani, juu ya mafiga yaleyale yaliyotupwa, maharage yalikuwa yanatokota. Mama mkwe aliinuka kwenye kigoda chake, mwiko mkononi, akaja mpaka kizingitini. Fundi alijiandaa kukasirika, na sababu alikuwa nayo. Kilichomzuia ni macho ya yule mama. Miaka yote ya ndoa hakuwahi kuyaona yameogopa.

"Ni mimi," Fundi akasema haraka. "Kuku nimemweka mimi. Mama hahusiki."

"Mwongo huyu!" Mama mkwe akacheka mpaka akakohoa. "Hajui hata kuku wa nyumba hii wanalala wapi. Andika, mwanangu: kuku wangu, mafiga yangu, na uongo wangu. Mkwe wangu nilimdanganya, na wenzake hawajui kitu."

"Kwani jiko bovu, bibi?"

"Bovu wapi! Nililiwasha siku ya kwanza. Maharage yakaiva jua halijakaza. Nikaosha vyombo, nikakaa. Nikamngoja huyu mpaka jioni, nyumba kimya, naongea na kuku. Mafiga yana kazi, baba. Uchochee, upulize, uukimbie moshi huku na huku, mara siku imekwisha. Sasa ninyi mmenipa siku nzima. Niipeleke wapi?"

Mkaguzi alipekua simu yake juu na chini akitafuta pa kuliandika hilo. Hapakuwepo.

"Naandika kuku," akasema mwishowe. "Nyumba hii naitoa kwenye hesabu mpaka jiko liwake moto wa kweli. Wengine hawana kosa. Kisima kipo."

"Na mayai?"

"Mayai yaanguliwe kwanza, bibi."

Akala sahani mbili za maharage ya mafiga, akaaga.

Jioni ile Fundi hakujua aanzie wapi. Miaka yote alikuwa anakisifu chakula, na hakuwahi kumuuliza mpishi ameshindaje. Aliona haya, akaosha vyombo peke yake.

Vifaranga wakatoka, kuku akahamishwa, jiko likawashwa. Siku chache baadaye Fundi alikuwa ameinama juu ya sare ya shule, kibanda kikaingia giza. Mama mkwe alikuwa amesimama mlangoni, sufuria kichwani imefungwa kwa kanga, kigoda kwapani.

"Maharage yameiva saa nne," alisema, kama anayeshtaki. "Sogea huko."

Fundi akasogea. Akasogeza na cherehani, na rundo la vitambaa, mpaka kigoda kikapata mahali pake. Wakala. Kisha mama mkwe akafuta mikono, akaivuta ile sare, akaigeuza.

"Mshono huu umepinda."

"Haujapinda, Mama."

"Umepinda. Fumua."

Fundi akafumua, na mama mkwe akashika upande wa pili wa kitambaa.